Mchuma Janga Hula na wa Kwao: Namna ya Kuitoa Dhuluma Ndani ya Nyumba ya Mkristo

Kopo la pishi, kile kipimo cha ujazo cha karafuu, ni bati tu. Ukiligonga kitako kwa ndani, kikabonyea kwenda nje upana wa kiganja, kopo linameza karafuu zaidi na mtu aliyesimama mbele yako haoni kitu. Mchumaji anayelipwa kwa pishi atamimina, utaandika 10 na yeye ataondoka, hali amechuma 11. Hakuna aliyepiga kelele wala mlango uliovunjwa. Jioni pesa inakuwa mchele na dagaa, na watoto wanakula.

Mwongozo huu ni wa mume, mke au mzazi Mkristo wa Unguja na Pemba anayejua kwamba nyumbani kwake kimeingia kitu cha namna hiyo na anataka kukitoa. Hatuzungumzi na majambazi. Tunazungumza na watu wa kawaida, wengine wahudumu kanisani, waliozoea kusema "kila mtu anafanya".

Biblia inasema nini khasa kuhusu nyumba

Mithali 15:27 inasema mwenye tamaa ya faida huisumbua nyumba yake mwenyewe. Tazama inaposemwa hasara inaangukia: mwizi hatajwi kuwa ndiye anayesumbuka, inatajwa nyumba. Waswahili wamelisema jambo hilo hilo kwa mchuma janga. Katika Yoshua 7 Akani alichukua joho zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50, akavifukia ndani ya hema. Hema ni chumba kimoja cha kitambaa ambamo watu wanalala, na kuchimba shimo humo bila wa nyumbani kujua si jambo jepesi. Gehazi, mtumishi wa Elisha, katika 2 Wafalme 5, alimkimbilia Naamani akachukua talanta mbili na mavazi mawili, na ukoma ulitajwa juu yake na uzao wake. Anania na Safira (Matendo 5) walipatana mume na mke kuzuia sehemu ya bei ya kiwanja chao, na yapata saa tatu tu zikapita kati ya kifo cha mmoja na cha mwengine.

Halafu kuna Habakuki 2:9–11, ambayo mtu wa visiwani anaielewa bila mhubiri: anayeijengea nyumba yake kwa pato la uovu, jiwe la ukutani litalia na boriti itamjibu. Kwetu nyumba za zamani ni mawe, chokaa na boriti za mkoko. Siku hizi ni matofali, lakini fundi aliyeyapanga na hajalipwa bado anapita barabarani kila asubuhi na kuitazama nyumba ile.

Mkristo anayesali Mkunazini, Unguja mjini, hana haja ya kuambiwa kwamba faida ya mmoja inaweza kulipwa na mwili wa mwengine. Kanisa Kuu la Kristo limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na karafuu za visiwa hivi kwa miaka mingi zilichumwa na watu walionunuliwa.

Tunaongeza onyo hapa, maana limewaumiza wengi. Ezekieli 18 inasema wazi kwamba mwana hatabeba uovu wa baba yake. Hatia hairithiwi. Kinachorithiwa ni madhara: madeni, aibu, tabia, nyumba yenye kesi. Kwa hiyo usimtishe mtoto kwamba amelaaniwa, na ukimwona mtu anataka kukulipisha ili "akate laana ya mali", mpite. Anayedaiwa ni wewe, na anayekudai ana jina na shehia anayoishi.

Hatua ya 1: Kitambue kilichoingia

Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanatafuta neno wizi, nalo haliko katika mambo yao. Tafuta badala yake sehemu ambapo mtu alitoa zaidi, au alipata kidogo, kwa sababu hakujua ulichokijua wewe.

Kwenye karafuu, mbali na kopo, kuna maji. Karafuu iliyoanikwa vizuri kwenye jamvi kwa siku 4 au 5 za jua kali huvunjika kwa mlio ukiikunja kwa vidole, na rangi yake ni kahawia yenye wekundu. Usiku wa kuamkia kuipeleka kituo cha kununulia karafuu mtu huinyunyizia maji ipande uzito, au huchanganya makonyo (vikonyo) na mpeta (karafuu duni). Akizidisha maji, karafuu huvunda, hupauka na kunuka uvundo, na mzigo mzima hushushwa daraja. Watu husema ni bahati mbaya. Magendo ya usiku kwa mashua ni ya namna yake, nayo yana hatari ya bahari juu ya hatari ya sheria.

Kwenye mwani ni mchanga na chumvi vinavyoachwa makusudi ndani ya gunia. Dukani ni mizani. Mnadani kwa samaki ni dalali aliyekubaliana na mnunuzi kabla ya kupaza sauti. Hotelini ni stoo inayoandika kilo 30 za pweza zilipoingia 26, au papasi (kijana anayewatembeza watalii mitaani) anayemwambia mgeni bei mara tatu na kugawana na mwenye duka. Ofisini ni risiti yenye cha juu, safari iliyolipwa posho bila kusafiriwa, na "chai" ili faili lisogee. Kwenye ardhi ni kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Kwenye ukoo ni mirathi: kaka mkubwa anakaa na shamba la mikarafuu miaka 10 huku dada zake wakipelekewa pakacha la maembe.

Na kanisani kuna kapu la sadaka na mhazini anayelihesabu peke yake. Petro alikataza jambo hili la kutaka fedha ya aibu kwa wachungaji (1 Petro 5:2), na Paulo alilitaja kwa mashemasi na maaskofu (1 Timotheo 3:8, Tito 1:7). Hawakulitaja kwa sababu ni geni.

Andika kwenye karatasi kitu kimoja tu kwanza, kile ambacho moyo umekitaja ulipokuwa ukisoma mistari hii. Vyengine vitafuata.

Hatua ya 2: Ona kinavyoidhuru nyumba

Madhara hayaanzi siku ya kukamatwa. Yanaanza kwenye hesabu ya chumbani.

Chukua mfano wa mume mwenye mshahara wa shilingi 520,000 anayeingiza 150,000 ya cha juu kila mwezi. Pesa ile haina karatasi, hivyo hawezi kuiweka kwenye kikoba mbele ya watu wanaojua mshahara wake, wala hawezi kumweleza mke imetoka wapi. Itabidi itumike upesi. Inakuwa simu, kuku wa kukaanga Forodhani, pikipiki. Miezi sita baadaye nyumba imezoea kula 670,000, na mke anapanga ada ya skuli kwa kipimo hicho. Siku mkuu wa idara anapohamishwa na bomba kukauka, mume hana la kusema. Ataanza kukopa, au atatafuta bomba jengine baya zaidi. Ndivyo mtu wa cha juu cha elfu 20 anavyofika kwenye kiwanja kilichouzwa mara mbili. Si kwamba tamaa yake imekua sana; jikoni kumekua.

La pili ni siri. Nyumba yenye pesa ya siri huwa na simu ya siri, na mke anayeona simu imelazwa kifudifudi hatafikiria risiti, atafikiria mwanamke. Tumeorodhesha hili kati ya madhara makubwa kwa sababu ugomvi mwingi unaopelekwa kwa wazee kama wivu una pesa chini yake.

La tatu ni watoto. Mfikirie mtoto wa miaka 9 aliyeamshwa usiku kushika tochi wakati baba ananyunyiza maji kwenye magunia. Anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi ya mchana kutwa ya kuanika haitoshi, na kwamba baba anaogopa. Asubuhi anaambiwa asimwambie mtu. Mwaka ukipita akadanganya kuhusu matokeo ya mtihani, baba atampiga kwa uongo. Samweli alikuwa mwamuzi safi, lakini wanawe walikula rushwa (1 Samweli 8:3), kwa hiyo hatusemi mzazi mwema huzaa mtoto mwema kwa lazima. Tunasema mtoto wa tochi amefundishwa, na amefundishwa nyumbani.

La nne ni sala, na hili wenye dhuluma nyumbani wanalijua wenyewe.

Hatua ya 3: Mwambie mwenzako, tena kwa tarakimu

Chagua mchana, watoto wakiwa skuli, nyinyi wawili mmekaa. Si kitandani usiku, si mbele ya mchungaji, si kwenye simu. Sema mambo matatu kwa mpangilio huu: nimekuwa nikifanya nini, tangu lini, na kiasi gani. Kisha nyamaza. Kosa la kawaida ni kuanza na sababu ("ada zilikuwa zimenibana, na wewe ulitaka friji"), na hapo mwenzako anageuka mshitakiwa mwenza kabla hajasikia kosa.

Kiasi ni lazima. "Nimekosea kwenye mambo ya pesa" ni maneno ya kujificha. Kama hujui kiasi, toa makisio ya juu, na useme ni makisio.

Tegemea maswali kama: nani anajua, kuna karatasi yenye jina langu, nyumba hii imo? Jibu yote siku hiyo hiyo. Ukijibu nusu, nusu iliyobaki ikijulikana mwezi ujao itahesabika kuwa uongo mpya.

Ikiwa wewe ndiye uliyegundua, usikimbilie kwa wakwe wala barazani. Mwulize mumeo au mkeo swali lenye tarakimu: "Mshahara ni 520, na tunatumia 670. Hii 150 inatoka wapi?" Akikataa kuacha, una mambo manne unayoweza kuyafanya bila kuivunja ndoa: usikubali mali iandikwe jina lako, usisaini, usifiche mzigo, na weka kipato chako mwenyewe mbali ili watoto wale kilicho safi. Abigaili (1 Samweli 25) hakungoja ruhusa ya mumewe Nabali kuiokoa nyumba. Mambo yakifika kwenye kipigo au vitisho, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Hilo halingoji maombi ya siku saba.

Hatua ya 4: Funga bomba kabla ya kulipa

Anayerudisha huku bado anachukua anazungusha pesa tu. Acha kwanza.

Kwa mwenye duka, pima mizani yako leo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ipime, uandike uzito wake. Ijaze maji lita moja na nusu kamili, uipime tena. Ukitoa uzito wa chupa lazima upate kilo 1.5. Ikisoma 1.58, mizani inakuzidishia gramu 80, na kila mteja amekuwa akiziacha kwako. Mizani ya kuning'iniza yenye springi huchoka yenyewe, kwa hiyo si kila mizani mbovu ni ya mwizi. Lakini ukishajua leo, kesho ni makusudi. Ipeleke ikaguliwe na kupigwa muhuri.

Kwa kopo la pishi, jaza mchele kwenye kopo jipya lisiloguswa, ukate kwa kijiti juu ya mdomo, kisha umimine kwenye kopo lako. Pengo linaloonekana ndilo wachumaji walilokuwa wakilijaza.

Kazini ni pagumu zaidi, maana cha juu huwa kina mnyororo. Ukijitoa, wenzako watafikiri unakwenda kuwataja. Usihubiri. Sema neno fupi, "mimi msinihesabu tena, na sina neno na mtu," na uishi hivyo. Weka nakala za kila unachosaini kuanzia siku hiyo, kwa sababu anayejitoa ndiye huangushiwa upungufu wa zamani. Ukilazimishwa na mkubwa, Zanzibar ina mamlaka yake ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, ZAECA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya kwenda, zungumza na mwanasheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar husaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Hatua ya 5: Fungua daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na dhuluma hali kadhalika. Nunua daftari la kawaida, uchore safu tano: nani, kitu gani, kipindi, kiasi, njia ya kurudisha. Ligawe sehemu nne: walio hai na unawajua, waliofariki wenye warithi, watu wengi usiowajua kwa majina, na ofisi au serikali.

Andika kitu kwa kitu panapowezekana. Kama ni pishi, andika pishi, usiandike shilingi, kwa kuwa malipo ya miaka mitano iliyopita si ya leo na mchumaji asilipwe kwa bei iliyolala. Usiandike majina ya wenzako ulioshirikiana nao. Daftari hili ni la deni lako.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Sheria ya Musa ina viwango zaidi ya kimoja, na watu huvichanganya. Aliyekiri mwenyewe hurudisha mtaji wote na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:5, Hesabu 5:7). Aliyekamatwa na mnyama angali hai mkononi hulipa mara mbili. Akiwa ameshamchinja au kumwuza, kondoo hulipwa wanne na ng'ombe watano (Kutoka 22:1–4). Zakayo (Luka 19:8) alijihukumu kwa kipimo cha aliyekamatwa, mara nne, na alikuwa tajiri. Ushauri wetu ni kuanza na mtaji na sehemu ya tano. Tumeona hatari ya watu kutangaza mara nne kanisani na kushindwa kulipa hata mara moja.

Mfano wa wachumaji: kopo linameza moja ya ziada kwa kila kumi. Mchumaji aliyeleta 11 aliandikiwa 10. Kwa siku 20 za msimu amepoteza pishi 20. Tuseme malipo ya leo ni shilingi 1,000 kwa pishi: ni 20,000, na sehemu ya tano ni 4,000. Kila mchumaji anadai 24,000. Wakiwa 15, ni 360,000.

Mfano wa duka: mizani inapunja gramu 50 kwa kilo, na duka linauza kilo 40 za mchele na sukari kwa siku. Hizo ni kilo 2 kila siku, kilo 52 kwa mwezi wa siku 26. Kwa wastani wa shilingi 2,500 ni 130,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 1,560,000. Wateja ni wale wale wa mtaani, wala huwezi kumwita kila mmoja. Njia nyepesi ni kurudisha kwa mizani ile ile: ongeza gramu 60 juu ya kila kilo, yaani 50 zilizopungua na 10 za sehemu ya tano, kwa muda ule ule uliopunja. Kama ulipunja mwaka, ongeza mwaka. Usibandike tangazo la nyongeza, usije ukageuza toba kuwa promosheni.

Mfano wa cha juu: 150,000 kwa miezi 12 ni 1,800,000, sehemu ya tano 360,000, jumla 2,160,000. Pikipiki iliyonunuliwa kwa pesa hiyo iuzwe kwanza. Ikileta 1,200,000, inabaki 960,000. Ukiweka 60,000 kila mwezi, miezi 16.

Hatua ya 7: Rudisha

Mpangilio si wa kubahatisha. Wa kwanza ni vibarua na mafundi, kwa kuwa ujira wao ulitakiwa kabla ya jua kuchwa (Kumbukumbu la Torati 24:15) na kilio chao kinatajwa katika Yakobo 5:4. Wa pili ni yatima na wajane, hasa kama ni mirathi. Halafu majirani na wateja. Taasisi mwisho, haziendi kulala na njaa.

Nenda na pesa mkononi. Neno la kuanzia ni hili: "Mzee, nina haki yako, nimekuja kuirejesha." Eleza kwa sentensi mbili, hesabu pesa mbele yake, ndipo uombe radhi. Watu wengi wanageuza: wanaomba radhi kwanza, wakijua mtu mwenye haya atasema "nimeshakusamehe, wacha tu". Huko ni kumdhulumu mara ya pili kwa ustaarabu wake. Akikusamehe baada ya pesa kuwa mezani, ni hiari yake, ipokee kwa shukurani.

Wengi utakaowaendea ni Waislamu, na hapo Mkristo ana wepesi asioutarajia. Haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, ni jambo wanalolijua tangu chuoni (madrasa). Hutahitaji kueleza kwa nini dhuluma ndogo inakunyima usingizi, na usilifanye tukio kuwa mahubiri.

Aliyefariki ana warithi, na warithi si kaka mkubwa peke yake. Mjane na mabinti wana mafungu yao. Kwa marehemu Mwislamu, uliza familia kama mirathi imegawanywa, na kama kuna utata, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inashughulikia mambo hayo. Vyovyote iwavyo, kabidhi mbele ya zaidi ya mmoja na uandike.

Wachumaji waliokuja msimu na kuondoka watafutwe kupitia mnyapara wao au sheha wa walikotoka. Jipe miezi mitatu ya kutafuta kwa bidii. Wasipopatikana, fungu lao liende kwa maskini kimya kimya. Hesabu 5:8 inaelekeza malipo yasiyo na ndugu wa kuyapokea yaende kwa Bwana, kwa kuhani, lakini Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira mchafu kuletwa nyumbani mwa Mungu kama nadhiri. Tunavyozielewa pamoja: unaweza kuukabidhi mfuko wa maskini wa kanisa ukimweleza padri au mchungaji ni pesa ya nini. Huwezi kununulia kanisa spika na ukasimama kupigiwa makofi.

Pesa ya serikali ina ugumu wake. Usiirudishe bila ushauri wa mwanasheria, na ilipwe mahali panapotolewa risiti. Atatokea mtu wa kusema "nipe mimi nikumalizie". Huyo anaomba rushwa ya kufutia rushwa. Na kumbuka tofauti hii: padri Mkatoliki amefungwa na siri ya kitubio asiweze kusema kabisa. Mchungaji unayemweleza ofisini kwake huenda hafungwi hivyo, basi mwulize kabla hujaanza.

Hatua ya 8: Jikoni pashuke

Bajeti mpya iandikwe na wote wawili. Kutoka 670,000 hadi 520,000, kisha toa 60,000 ya deni: nyumba sasa inaishi kwa 460,000. Punguza kinachoonekana kwanza, yaani king'amuzi, vocha, nguo za harusi za sare, michango ya kujionyesha. Ada na dawa ziguswe mwisho. Jamaa watauliza mbona mmerudi nyuma; "tunalipa deni" ni jibu kamili na ni kweli.

Usikope kwa riba ili ulipe dhuluma. Ni bora miezi 16 kuliko mkopo wa siku 30 unaorudi mara mbili. Mtu mwenye kudai sana umwendee na ratiba iliyoandikwa, na malipo ya kwanza yaambatane nayo siku hiyo.

Hatua ya 9: Watoto

Mdogo asiyejua lolote aachwe na utoto wake. Aliyeona, aambiwe alichokiona kilikuwa nini. Mtoto wa tochi anahitaji maneno haya kwa uso: "Usiku ule wewe hukukosa. Mimi ndiye niliyekukosea, nilikutia kwenye jambo baya na nikakuambia ufiche. Sasa huna la kuficha." Kijana wa sekondari aonyeshwe daftari kama ataka, na akitaka kufuatana nawe siku ya kwenda kurejesha, mpeleke, mradi mwenye haki yake asione haya kupokea mbele ya kijana. Usimwambie mtoto siri ambayo mkeo au mumeo hajaijua.

Yanayoharibika mara nyingi

Ushuhuda wa kanisani unaokuja mapema. Mtu anasimama Jumapili, anataja ofisi, wenzake wanajulikana kwa hesabu ya vidole, na Jumatatu kuna vita. Lipa kwanza, kama utashuhudia, sema habari zako peke yako.

Kurudisha kwa niaba bila kumwambia mwenzako. Mke anauza bangili, analipa wafanyakazi wa mume, mume anajiona amefichuliwa. Hata wema ukifanywa kwa siri unarudisha siri ile ile nyumbani.

Kuacha bomba na kubaki na mali. Nyumba ile ile, kiwanja kile kile chenye mnunuzi wa pili anayezunguka mahakamani. Kiwanja kilichouzwa mara mbili hakina njia ya katikati: mmoja apate ardhi na mwengine pesa yake yote na sehemu ya tano, hata kama ni lazima uuze chako.

Na kopo. Daftari likishapigwa mstari wa mwisho, watu huliweka kopo la zamani uani kwa kuoteshea maua au kuchotea maji. Lipige nyundo mpaka liwe bapa, ulitupe. Msimu ukija wachumaji watahitaji kopo la haraka, na kijana atakayetumwa kulitafuta atachukua la kwanza analoliona.